District 9: mwanga wa kweli, watu wa uongo

Waungwana, nimeirudia District 9 ya Neill Blomkamp (2009). Kwa mwanga, hongera zao. Jua la kipupwe la hapa Johannesburg, lililonaswa Chiawelo, Soweto, mwaka 2008, linawaangukia wale viumbe wa kompyuta sawasawa: vivuli vikali kama vya watu waliosimama kando yao, na mwanga unaodunda kutoka kwenye vumbi unawarudia tumboni. Image Engine wa Vancouver hawakuona uvivu kuhesabu hayo yote.

Lakini Wanigeria je? Hao hawakuhitaji kompyuta, wakachorwa majambazi wala watu, na mkuu wao kapewa jina Obesandjo. Obasanjo kabisa, jamani! Serikali ya Nigeria ilitaka majumba ya sinema yaache kuionyesha. Mimi siilaumu.