Golden Retriever Alivyopatikana: Kulisoma Daftari la Guisachan

Mwaka 1868, kwenye shamba la Guisachan katika milima ya kaskazini mwa Uskoti, Dudley Marjoribanks alimpandisha jike aitwaye Belle kwa dume wa manjano aitwaye Nous. Miongoni mwa watoto wao wa manjano alikuwamo Cowslip, ambaye damu yake imeenea katika ukoo wote wa Golden Retriever. Marjoribanks, aliyekuja kupewa cheo cha Lord Tweedmouth, aliweka kumbukumbu za banda lake katika daftari. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba mbwa hawa walitokana na mbwa wa sarakasi kutoka Urusi. Hadithi hiyo ilikosa mguu wa kusimamia mwaka 1952, yaliyomo katika daftari yalipochapishwa.

Daftari linaonyesha mfugaji aliyejua anachokitafuta. Wakati ule magobori yalikuwa yakiachwa, na bunduki mpya zilijazwa upesi na kupiga mbali. Ndege wengi wakawa wanaangukia vichakani na ng'ambo ya maji. Alihitajika mbwa wa kuvumilia baridi ya mto, kukumbuka ndege alipoangukia, kisha kumleta mkononi bila kumtoboa kwa meno.

Nous, aliyenunuliwa Brighton mwaka 1865, alitoka katika uzao wa mbwa weusi wenye manyoya ya mawimbi, mahiri wa kuokota mawindo. Belle alikuwa spanieli wa maji wa mto Tweed, aina ya waogeleaji hodari ambayo sasa imetoweka. Mmoja alileta kazi ya nchi kavu, mwingine akaleta ya majini.

Na rangi je? Manjano haya hutokana na jeni iitwayo MC1R, na ni sifa fiche: mtoto huipata tu akirithi nakala yake kwa wazazi wote wawili. Ndiyo sababu wazazi weusi waliweza kumzaa Nous, na ndiyo sababu manjano kwa manjano huzaa manjano. Marjoribanks hakuwa na elimu hiyo. Makala ya Mendel kuhusu urithi ilitoka mwaka 1866, ikakaa bila kutiliwa maanani hadi 1900. Yeye aliongozwa na macho na kumbukumbu alizoandika.

Ufundi wake mkubwa uko katika hatua zilizofuata. Cowslip alipandishwa kwa spanieli mwingine wa Tweed, akamzaa Topsy. Topsy akapewa dume mweusi, Sambo, akazaliwa Zoe mwaka 1877. Cowslip huyohuyo alizaa pia na seta mwekundu, akapatikana Jack. Kisha Jack akakutanishwa na Zoe: mtoto wa Cowslip na mjukuu wa Cowslip. Damu ya nje iliingizwa kwa sababu maalumu, halafu ukoo ukarudishwa kwenye shina lake.

Matunzo ya mbwa huyu yanafuata moja kwa moja kazi aliyoandaliwa. Manyoya yake yana tabaka mbili: la ndani zito la kutunza joto, la nje la kuzuia maji. Huchanwa mara kadhaa kwa wiki, na kila siku anapopukutisha. Hayanyolewi hadi ngozini hata kwenye nchi za joto, kwa kuwa humkinga pia na jua; kinachofaa ni matembezi ya alfajiri au jioni, kivuli, na maji ya kutosha. Masikio yanayoning'inia hushika unyevu, hivyo hukaushwa kila anapotoka kuogelea ili yasipate maambukizi. Mdomo ulioumbiwa kubeba utabeba viatu na mito ya kochi asipopewa kitu chake. Mbwa wa kushinda mawindoni hatoshelezwi na kuzunguka uani.

Lakini kurudia damu ileile hukusanya kasoro kama kunavyokusanya sifa. Nyonga zisizokaa sawasawa katika matundu yake ni tatizo linalojulikana kwa mbwa hawa. Lakini si damu pekee inayochangia: utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliochapishwa mwaka 2013 ulichunguza Golden Retriever 759. Madume waliohasiwa kabla ya kutimiza mwaka walipata tatizo hilo kwa asilimia 10, mara mbili ya wasiohasiwa. Kwa hiyo umri wa kuhasi unastahili kujadiliwa kwanza na daktari wa mifugo.

Adui mkubwa zaidi ni saratani. Tangu mwaka 2012, Morris Animal Foundation ya Marekani imekuwa ikifuatilia zaidi ya mbwa 3,000 wa aina hii maisha yao yote, ikichukua kila mwaka sampuli za damu, mkojo, manyoya na kucha. Wakati matokeo yakiendelea kukusanywa, mnunuzi ana la kufanya: adai picha za eksirei za nyonga za wazazi wote wawili na vyeti vya uchunguzi wa moyo na macho, kisha asome nasaba ya vizazi kadhaa aone kama majina yaleyale yanajirudia pande zote mbili.