Juu ya Kitabu "Vuta N'kuvute": Ni Nani Ampaye Mtu Kabila Lake?

Riwaya hii ya Bwana Adam Shafi, iliyopigwa chapa mwaka 1999, yasimulia Unguja ya siku za Waingereza. Wengi huisoma kama hadithi ya mapenzi na ya kupigania uhuru. Sisi twaitazama kwa upande mmoja tu: yatufundisha nini juu ya kabila la mtu, jinsi lidumuvyo na jinsi ligeukavyo?

Yasmin, binti wa Kihindi, aozwa kwa Bwana Raza, amzidiye sana umri. Amkimbia, jamaa zake wamkataa, naye apata makao kwa rafiki yake Mwajuma, mwanamke wa Kiswahili. Hapa mwandishi aonyesha ustadi. Yasmin hahubiriwi umoja; akaa na watu, ampenda Denge, na kidogo kidogo desturi zake zageuka. Lakini jina la Uhindi halimtoki. Ndivyo alivyokuwa Ruthu: aliambatana na Naomi hata Bethlehemu, na huko akazidi kuitwa Mmoabi. Mtu aweza kugeuza mwenendo wake. Jina lake li midomoni mwa wengine.

Kasoro twaiona moja. Mwandishi aionyesha serikali katika askari na gereza, bali kidogo sana katika daftari zake. Baraza la Kutunga Sheria lilipoanzishwa mwaka 1926, wajumbe wasio maofisa waliteuliwa kwa makabila: Waarabu 3, Wahindi 2, Mzungu 1. Mwafrika wa kwanza hakuingia mpaka 1946. Ismailia, Bohora na Baniani, wasiosali pamoja, walitiwa wote chini ya neno moja, "Wahindi". Hivyo mpaka wa ndoa na sala ukawa pia mpaka wa kiti na haki.

Asiyelijua hilo atadhani kwamba ukaidi wa wazee peke yake ndio uliowatenga watu, na kwamba mapenzi ya vijana yatosha kuuondoa. Hayakutosha. Katika Mapinduzi ya Januari 1964 Waarabu wengi, na Wahindi pia, waliuawa au walikimbia kwa ajili ya jina walilojulikana nalo.

Hata hivyo kitabu chafaa sana. Mwalimu akisomeshapo, asiwaulize wanafunzi tu Yasmin ni nani. Awaulize pia ni akina nani wamwitao hivyo, nao wapata faida gani.