Fani na Maudhui ya Benki Moja: Jengo la Matofali Mekundu la Morioka

Sisi walimu wa fasihi tumezoea kuitazama kazi ya sanaa kwa macho mawili, jicho la fani na jicho la maudhui. Mwanafunzi akilisifu shairi kwa vina vyake tu, twamwuliza mara moja: na linasema nini? Akitueleza linalosemwa bila kugusa namna linavyosemwa, twamrudisha kwenye beti. Katika makala haya nataka kuutumia mzani huo huo kupimia jengo. Wenzangu wasishangae. Jengo nalo limetungwa na mtu, kwa ajili ya watu, katika wakati wake, na lina jambo ambalo mtunzi wake alitaka liaminiwe.

Jengo lenyewe ni benki ya zamani iliyoko Morioka, mji mkuu wa mkoa wa Iwate, kaskazini mashariki ya kisiwa kikubwa cha Japani. Kutoka Tokyo hadi huko ni kilomita zipatazo 500, na treni ya mwendo wa kasi ilianza kufika mwaka 1982. Nililizuru nilipokuwa katika nchi hiyo, ambako Kiswahili nacho kina walimu na wanafunzi wake, hasa katika Chuo Kikuu cha Osaka. Limesimama ukingoni mwa mto Nakatsu, karibu na daraja la Nakanohashi, hatua chache kutoka magofu ya ngome ya watawala wa zamani. Lilianza kujengwa mwaka 1908 likakamilika mwaka 1911, kuwa makao makuu ya Benki ya Morioka. Wasanifu wake ni wawili: Tatsuno Kingo na Kasai Manji.

Tuanze na fani. Kuta ni za matofali mekundu ya kuchoma, yamepangwa kwa unadhifu ambao fundi yeyote wa kwetu angesimama kuuangalia. Kati ya matofali hupita mikanda ya mawe meupe, ikizunguka jengo zima na kuyafumba madirisha kama pindo la kanzu. Kwenye pembe umewekwa mnara wenye kuba la kijani. Shabaha ya mtunzi ni wazi: hakutaka jengo litazamwe kutoka upande mmja tu kama picha iliyotundikwa, bali kwamba mtu atokeaye upande wowote alipe jicho lake. Pembe, ambayo kwa mjenzi wa kawaida ni mahali pa kuta kukutana tu, hapa imefanywa uso.

Hata hivyo sitaficha rai yangu. Kwa nje jengo hili lina maneno mengi. Mkanda juu ya mkanda, nakshi juu ya nakshi. Ni kama msemaji hodari ambaye hajaaminiwa kuwa ni hodari, na kwa hiyo hawezi kunyamaza. Anayetaka kuona thamani yake hasa na aingie ndani. Huko ukumbi wa kuhudumia wateja umeachwa wazi kutoka sakafuni hadi dari ya orofa ya juu, na ushoroba wenye vizuizi vya mbao umeuzunguka kwa juu. Kaunta ndefu ya mbao yawatenga makarani na wateja. Mwanga huingia kwa madirisha marefu ukashuka taratibu. Mtu hujikuta akipunguza sauti bila kuambiwa. Mkulima aliyeingia hapa mwaka 1911 na akiba yake kifundoni hakuhitaji kusomewa tangazo lolote: urefu wa dari ulimwambia kwamba fedha yake imefika mahali pa heshima. Hapo fani na maudhui vimeshikana barabara.

Mtindo huu ulitoka wapi? Baadhi yetu watasema upesi kwamba ni kuiga Wazungu, na kwamba hakuna cha kuhakiki katika kuiga. Jambo hili si jepesi hivyo. Mwaka 1877 serikali ya Japani ilimwajiri Mwingereza kijana, Josiah Conder, kufundisha usanifu wa majengo mjini Tokyo. Wanafunzi wake wa kwanza walihitimu mwaka 1879. Walikuwa wanne tu, na Tatsuno ndiye aliyewaongoza katika matokeo. Alipelekwa London mwaka 1880, akafanya kazi katika ofisi ya msanifu William Burges, akazuru Ufaransa na Italia, akarejea mwaka 1883. Mwaka uliofuata akakalia kiti cha mwalimu wake. Huko London aliona mtindo uliokuwa ukipendwa siku zile, uitwao Queen Anne, wa matofali mekundu na mawe meupe. Alipourudia mtindo huo nyumbani alizidisha mikanda, akaongeza minara na makuba, hata Wajapani wenyewe wakauita kwa jina lake: mtindo wa Tatsuno. Mtu aliyekopa neno akalitumia mpaka likaitwa lake hawezi kuhesabiwa kasuku.

Tena tukumbuke hali ya wakati ule. Japani haikutawaliwa na wageni, lakini ilikuwa imefungwa na mikataba isiyo sawa. Hadi mwaka 1899 wageni wengi waliokosa nchini walihukumiwa na mabalozi wao, wala si na mahakama za nchi. Uwezo wa kujipangia ushuru wa forodha haukurudi mikononi mwa Wajapani kikamilifu hadi mwaka 1911, mwaka ule ule lilipokamilika jengo letu. Matofali mekundu yalikuwa hoja katika mjadala huo: tazameni, sisi nasi twajua. Ndiyo maana nasema kwa nje lina maneno mengi. Lilikuwa likijibu watu ambao hawakuwapo Morioka.

Hapa mwalimu wa lugha haachi kupotoka njia kidogo. Jengo walikopa, lakini neno walilitunga. Benki kwa Kijapani ni *ginko*, neno lililoandikwa kwa alama mbili za Kichina, ya kwanza ikiwa na maana ya fedha, yaani ile madini nyeupe, na ya pili ya nyumba ya biashara. Lilipata nguvu mwaka 1872, ilipotungwa sheria ya mabenki. Sisi tulifanya kinyume: tulichukua *benki* jinsi lilivyo, lakini kilichomo ndani ya benki tulikuwa tukikiita *fedha* tangu zamani, na neno hilo kwetu nalo ni madini nyeupe na pesa kwa pamoja. Mwanafunzi anayejifunza *ginko* kupitia Kiswahili anaielewa nusu ya kwanza upesi kuliko yule anayeipitia kwa Kiingereza. Nimelijaribu hilo darasani, na wanafunzi hufurahi.

Turudi kwenye jengo. Wageni wengi hulifananisha na stesheni ya Tokyo, kazi nyingine ya ofisi ile ile, nao husema kwamba benki hii ni stesheni ya Tokyo iliyo ndogo. Mlingano huo haukosi msingi, ila umepinduliwa. Stesheni ilifunguliwa Desemba 1914, miaka mitatu baada ya benki. Mkubwa ameitwa kwa jina la mdogo wake kwa sababu mdogo anaishi mjini! Isitoshe, stesheni iliteketea kwa mabomu mwezi Mei 1945, ikapoteza makuba yake na orofa ya tatu, na haikurudishiwa sura ya kwanza hadi mwaka 2012. Anayetaka kuona mkono wa ofisi ile ukiwa kama ulivyoacha kazi, Morioka ni mahali pazuri zaidi. Katika eneo lote la Tohoku hakuna kazi nyingine ya Tatsuno iliyobaki.

Nimesema kazi ya Tatsuno, na hapo nina neno na wanaolisifu jengo hili. Jina lake hutajwa peke yake mara nyingi mno. Kasai Manji, mwenziwe katika ofisi tangu mwaka 1903, alizaliwa Morioka mwaka 1863. Miaka mitano baadaye utawala wa ukoo wa Nanbu uliokuwa ukiushika mji huo ulishindwa katika vita vya mwaka 1868, ukahesabiwa miongoni mwa maadui wa serikali mpya. Kasai alikulia katika mji wa walioshindwa, akasoma Tokyo chini ya Tatsuno, akahitimu mwaka 1890, kisha akarudi kwa wino na karatasi kuwajengea watu wa kwao nyumba ya fahari kuliko zote za mtaa ule. Kulisoma jengo bila yeye ni sawa na kusoma utenzi ukaruka dibaji ambamo mtunzi ametaja nasaba yake. Fahari ile ya nje, ambayo nimeilaumu, huenda ikasameheka mtu akijua ni fahari ya nani.

Sasa maudhui. Benki hujengwa kwa jiwe na tofali ili iseme jambo moja: amana yako haitapotea. Hilo ndilo neno ambalo jengo hili lililisema kwa ufasaha miaka 20, na mwaka 1931 likageuka kuwa uongo. Mdororo wa uchumi ulioanzia Marekani mwaka 1929 uliangusha bei ya hariri, na hariri ndiyo iliyokuwa tegemeo la wakulima wengi wa Japani. Mwaka 1931 mavuno ya Tohoku nayo yakaharibika kwa baridi. Benki ya Morioka ilisimamisha kazi mwaka huo, pamoja na benki nyingine kubwa za mkoa, na haikuinuka tena. Wenye akiba walikuta milango imefungwa. Matofali hayakupata hata ufa.

Mwaka 1932 ilianzishwa benki mpya, Iwate Shokusan, ambayo mwaka 1936 ililichukua jengo, na mwaka 1960 ikabadili jina kuwa Benki ya Iwate. Kazi ya benki iliendelea humo hadi Agosti 2012. Mwaka 1994 lilipowekwa katika orodha ya taifa ya majengo yenye thamani kuu ya utamaduni, lilikuwa la kwanza nchini kupata heshima hiyo likiwa bado benki yenye makarani na wateja. Baada ya matengenezo ya miaka mitatu na zaidi likafunguliwa kwa umma Julai 2016.

Walioliandaa kwa wageni wameligawa sehemu mbili. Moja yaitwa sehemu ya Benki ya Morioka, nayo imerudishwa karibu na hali ya mwanzo. Nyingine ni ya Benki ya Iwate, nayo hutumika kwa maonyesho na muziki. Matengenezo yamefanywa kwa adabu kubwa, na mbao zile zimepata mkono unaostahili. Lakini mgao huu, kama mpangilio wa masimulizi, haukuniridhisha. Mgeni huvuka kutoka benki moja kwenda nyingine kwa hatua tatu, kama aliyetoka sebuleni akaingia ukumbini, na kwa hatua hizo tatu ameruka miaka mitano, 1931 hadi 1936, ambayo ndiyo kitovu cha kisa. Katika riwaya tungemwambia mwandishi kwamba ameficha kilele chake katika nafasi kati ya sura mbili. Chumba kimoja kingetosha: kaunta tupu, mlango uliofungwa, na tarehe. Hapo mgeni angetazama tena dari ile ndefu, na angeiona kwa jicho lingine.

Nasema hivi kwa kuwa wengi wetu hupeleka wanafunzi kwenye majengo ya kale, nasi huwaambia: tazameni ukubwa, tazameni milango. Mara chache tunawauliza jengo liliahidi nini, na kama ahadi ilitimizwa. Mtoto aliyezoezwa kuuliza hivyo mbele ya ukuta hatashindwa kuuliza hivyo mbele ya hotuba.

Mtu akiwa na saa nyingine moja mjini humo, asiondoke bado. Jirani ipo benki nyingine ya zamani, ya Kyuju, iliyokamilika mwaka 1910, nayo ya matofali lakini yenye ukimya zaidi. Siku hizi ni makumbusho ya ujana wa waandishi wawili wa mkoa huo, Ishikawa Takuboku na Miyazawa Kenji. Kisha ipo iliyokuwa Benki ya Akiba ya Morioka, ya mwaka 1927. Msanifu wake ni Kasai yule yule, safari hii bila Tatsuno, ambaye alifariki mwaka 1919. Kati ya kazi hizi mbili lilipita tetemeko kubwa la mwaka 1923 lililoangusha majengo mengi ya matofali katika eneo la Tokyo, na wasanifu wakageukia zege lenye nondo. Hakuna mkanda mweupe wala kuba. Zipo nguzo kubwa chache mbele, zimesimama kimya.