Dakika 28 Juu ya Barafu

Mei 19, 1954, katika Hospitali ya St Mary's, London, mama mmoja wa miaka 66 alizungushiwa barafu hadi joto la mwili wake likashuka kufikia nyuzi 28. Alikuwa amepatwa na viharusi vya kupita mara 33: upande wa kulia unalegea, maneno yanapotea, kisha vyote vinarudi. Mshipa wake wa shingo wa kushoto ulikuwa umeziba kiasi pale unapogawanyika, tawi moja likielekea kwenye ubongo.

Barafu ya nini? Huwezi kuufungua mshipa huo bila kuubana kwanza, na kuubana ni kuunyima ubongo damu, balaa lile lile unalotaka kumkinga nalo mgonjwa. Ubongo uliopozwa hutumia oksijeni kidogo. Felix Eastcott na wenzake walibana kwa dakika 28, wakakata kipande kibovu na kuunganisha ncha zilizobaki. Vipindi vya mama yule vikakoma.

Kwangu mimi, mbinu nzima tangu hapo imekuwa ni kushindana na kile kibano. Barafu iliachwa. Siku hizi mgonjwa hupewa heparini ili damu isigande, na ikibidi mrija mwembamba hupitisha damu kando ya jeraha. Wengine hupigwa ganzi ya shingo tu: daktari anabana, mgonjwa anaambiwa akamate mkono na kuukaza. Mkono wake ukilegea, mrija unaingizwa.

Kukata kipande kizima nako kuliachwa. Mshipa hupasuliwa kwa urefu, na lile ganda la mafuta na chokaa humenywa pamoja na utando wa ndani. Kumenya si kugumu. Kilicho kigumu ni kumalizia. Ukingo wa utando ukibaki umening'inia upande wa juu, damu itaunyanyua na kuziba njia upya, kwa hiyo hushonewa chini. Chembe zote huoshwa, kisha mshipa hufungwa, mara nyingi kwa kiraka ili usibane.

Faida ya upasuaji huu ilipimwa. Mwaka 1991, utafiti wa Amerika Kaskazini ulifuatilia wagonjwa 659 wenye dalili, mishipa yao ikiwa imebana kwa asilimia 70 hadi 99. Ndani ya miaka miwili, asilimia 26 ya waliotibiwa kwa dawa peke yake walipata kiharusi cha upande ule ule. Waliopasuliwa, asilimia 9. Mshipa ulioziba kabisa kwa kawaida hauguswi. Na faida ni kubwa zaidi upasuaji ukifanyika ndani ya wiki mbili tangu dalili, hata kama dalili yenyewe ni mkono uliolegea asubuhi ukapona kabla ya chai.