Sahani Bila Mpishi: Chakula katika Safari za Ibn Battuta

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier, alifika Mogadishu, kisha Mombasa na Kilwa. Baadaye alizisimulia safari zake huko Moroko, naye Ibn Juzayy akaziandika. Kitabu kilikamilika mwaka 1355. Wengi humsoma kama shahidi wa historia. Mimi namsoma hapa kama mwandishi wa chakula, na ninauliza: anaona nini, na anaacha nini?

Huko Mogadishu jicho lake ni kali. Anataja wali wa samli, vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na pilipili. Anaeleza hata namna ya kula: tonge la wali, kisha achari kidogo. Undani huo ndio nguvu yake. Angesema tu kwamba chakula kilikuwa kitamu, kisingetufaa kitu leo.

Hata hivyo, chakula hicho kilitoka kwa sultani, naye alikuwa mgeni wa heshima. Sahani ya mtawala anaifanya kuwa chakula cha mji mzima. Mombasa alilala usiku mmoja tu, lakini anatuambia kwamba watu wake hula hasa ndizi na samaki. Na katika yote hayo, mpishi hatajwi.

Pengo hilo naliona vizuri nikiwa hapa Mbuya. Jirani yangu humenya matoke asubuhi, huyafunga kwa majani ya mgomba, huyapika kwa mvuke, huyaponda yakiwa ndani ya majani, kisha huyarudisha kwenye moto mdogo. Mgeni afikaye saa saba mchana huona rundo la manjano tu. Akiandika alichoonja, ataandika kweli, ila ataiacha kazi na mtu aliyeifanya.

Mtetezi atasema kwamba Ibn Battuta alikuwa msomi wa sheria, tena mgeni hakaribishwi jikoni. Nakubali. Lakini utetezi huo haumfai mwandishi wa leo anayekuja Kampala na kamera, akala chapati ya mayai tunayoiita rolex, akaondoka na hukumu juu ya chakula cha Uganda nzima. Haraka ya Mombasa ameirithi; umakini wa Mogadishu hakuurithi.