Pipa la Mchele Lilikuwa Wapi?

Sheria ya Marekani ya mwaka 1882, ile iliyowafungia mlango vibarua wa Kichina, iliwapa manahodha kazi ya uandishi. Kifungu cha nane kilimtaka kila nahodha aliyefika kutoka ng'ambo akabidhi forodhani, pamoja na orodha ya shehena, orodha nyingine ya abiria wa Kichina peke yao, na aithibitishe kwa kiapo kama anavyoithibitisha ile ya shehena. Kisha afisa alilinganisha orodha na vyeti, abiria mmoja mmoja, kabla mguu wa mtu haujagusa gati.

Orodha ya namna hii inachosha kusoma. Hata hivyo naiheshimu kuliko maandishi yaliyoifuata, maana haijidai kumjua mtu. Inasema tu: hawa walikuwamo.

Kwamba hati ya kweli haitoshi, hilo lilionekana mapema. Chae Chan Ping alikuwa ameishi California zaidi ya miaka 10 alipokwenda kwao mwaka 1887 akiwa na cheti cha kumruhusu kurudi. Meli yake, Belgic, ilifika San Francisco Oktoba 1888. Cheti hakikuwa na kasoro yoyote, ila tarehe 1 mwezi huohuo, yeye akiwa baharini, sheria mpya ilikuwa imevifuta vyeti vyote vya aina hiyo. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu iliunga mkono serikali.

Halafu mwaka 1906 moto uliofuata tetemeko la ardhi la San Francisco uliteketeza kumbukumbu za vizazi. Wachina wengi wakadai walizaliwa palepale mjini, na nani angeweza kubisha? Raia aliweza kuwaleta watoto wake, basi nafasi za watoto wasiokuwapo zikaanza kuuzwa. Walionunua nafasi hizo wakaitwa watoto wa karatasi.

Serikali ilijibu kwa mahojiano. Katika kituo cha Angel Island, kilichofunguliwa mwaka 1910 ndani ya ghuba ya San Francisco, mgeni aliketishwa mbele ya maafisa, mkalimani na mpiga chapa, akaulizwa: Mlango wenu una vidato vingapi? Kisima kiko upande gani wa kijiji? Nani anakaa nyumba ya tatu, mstari wa pili? Pipa la mchele linawekwa wapi? Baba, au aliyejiita baba, aliulizwa yaleyale peke yake. Majibu yakipishana, mtoto aliweza kurudishwa China. Wengine walisubiri uamuzi kwa wiki, wengine kwa miezi.

Hapa sisi tunaoandika habari za kweli tunapaswa kuona haya kidogo, maana swali la pipa ni letu. Katika kila warsha tunaambiana: usiseme nyumba ya bibi ilikuwa ya kimaskini, tuonyeshe sufuria, tuonyeshe ufa wa ukutani, kitu kidogo ndicho kinachomfanya msomaji aamini. Afisa wa Angel Island alikuwa na imani hiyohiyo, nayo ikampotosha. Nyumba uliyokulia ina madirisha mangapi? Jibu sasa hivi, usimpigie mama simu. Aliyelelewa katika nyumba huwa havihesabu vidato vyake. Miguu inavijua, basi. Anayevihesabu ni yule aliyepewa daftari la maswali na majibu alikariri kabla ya safari na melini. Ndiyo maana mtoto wa damu aliweza kushindwa pale ambapo wa karatasi alipita.

Na majibu yenyewe tunayasoma kwa lugha ya nani? Mafaili yamepigwa chapa kwa Kiingereza. Mtu alijibu kwa lahaja ya kijijini kwake, mkalimani akageuza, mpiga chapa akanyoosha. Tena wakalimani walibadilishwa kati ya kikao na kikao ili wasizoeane na wahojiwa. Ninapoambiwa kwamba ndani ya mafaili haya tunaisikia sauti ya mhamiaji, nasita. Yeyote aliyetoa ushahidi kwa Kiswahili mahakamani, kisha akauona umeandikwa kwa Kiingereza, atanielewa.

Wengi hukimbilia kuta. Waliozuiliwa Angel Island walichonga mashairi kwenye mbao za mabweni, na baada ya mlinzi wa hifadhi, Alexander Weiss, kuyatambua mwaka 1970, jengo lililokuwa libomolewe likaokolewa. Mwaka 1980 Him Mark Lai, Genny Lim na Judy Yung wakayakusanya katika kitabu kiitwacho Island. Nakipenda kitabu hicho. Nisichokipenda ni mazoea ya kukisoma kana kwamba faili ni uongo wa dola na ukuta ni moyo mtupu. Washairi wale nao waliandika kwa kufuata kanuni: mizani ya jadi, majina ya mashujaa wa kale, huzuni ya msafiri kama walivyoirithi. Wengi hawakutia sahihi. Mwalimu wa uandishi angewapigia mstari mwekundu: mambo ni ya jumla mno, wewe mwenyewe uko wapi? Mimi nadhani ujumla ule ulikuwa maficho. Mtu aliyeshinda mchana kutwa akidaiwa idadi ya vidato ana haki ya kuandika usiku shairi lisilo na kidato hata kimoja.

Andiko ambalo ningependa kulisoma kuliko yote ni yale madaftari ya kukariri. Mtu alikaa akabuni kijiji kizima, au alikipanga upya kijiji halisi, akaweka visima, majirani, ndoa na vifo, kwa ajili ya msomaji mmoja ambaye maisha yake yangetegemea kila mstari. Sijui kazi nyingine ya fasihi iliyosomwa kwa makini namna hiyo. Ila msomaji akishamaliza, kabla meli haijaingia bandarini, alilitupa baharini. Yaliyobaki leo, ndani ya mafaili, ni yale ya waliokamatwa.