Dakika sita za Vinesh

Ukimtaja leo Vinesh Phogat, mwanamieleka wa India, wengi watakujibu kwa habari ya mizani: gramu 100 zilizomzuia kucheza fainali ya Olimpiki ya Paris. Habari hiyo ni ya kweli na inauma, lakini mimi naona inamdhulumu. Imefunika pambano alilocheza siku moja kabla, Agosti 6, 2024. Katika dakika sita zile, anayependa mieleka hujifunza zaidi kuliko katika mwaka mzima wa kusoma matokeo.

(Na niseme mapema kwamba hii si mieleka ya televisheni, ya kurushiana viti. Hapa hakuna anayepigwa. Unashika, unavuta, unasukuma, unamwangusha mwenzako, na refa anahesabu pointi.)

Mpinzani wake katika raundi ya kwanza alikuwa Yui Susaki wa Japani, bingwa wa dunia mara nne, aliyetwaa dhahabu ya Tokyo bila kumpa mtu yeyote hata pointi moja. Katika mapambano 82 ya kimataifa hakuwa amefungwa na mgeni. Silaha yake ni kasi. Hujipenyeza chini na kudaka mguu, na ukishtuka tayari uko chali. Wengi waliojaribu kumshambulia kwanza walimfungulia mlango.

Vinesh hakuufungua. Alikaa kiuno nyuma, paji la uso mbele, mikono ikitafuta viganja vya Susaki na kuvitoa njiani kila vilipokaribia magoti. Kwa mtazamaji mgeni hakuna kinachoendelea: wanawake wawili wanasukumana vichwa. Lakini ukitazama mikono tu, na kuyaacha mengine, utaona kazi. Kila Susaki anapotaka kushuka, mkono wake umeshashikwa, na bila mkono huo mguu haufikiki.

Ulinzi wa namna hiyo una bei. Anayeonekana kukwepa mchezo refa humwonya, kisha humpa sekunde 30 za kufunga pointi. Asipofunga, mpinzani hupewa moja. Hivyo ndivyo Susaki alivyopata pointi ya kwanza, na baada ya mapumziko akapata ya pili kwa njia ileile. Mbili kwa sifuri, na hajamgusa Vinesh mguu.

Mchezaji wa bao anajua kwamba kuna kete unazoziachia ziliwe. Pointi zile mbili zilikuwa za namna hiyo. Kumwangusha mtu ni pointi 2 kwa mpigo mmoja, na kanuni inasema alama zikilingana, mwenye pigo lenye thamani kubwa ndiye anayeongoza. Kwa hiyo Vinesh hakuhitaji tatu. Alihitaji pigo moja, tena lije wakati ambapo Susaki hatakuwa na muda wa kujibu.

Lilikuja zikiwa zimebaki sekunde chache. Vinesh, aliyekuwa akirudi nyuma muda wote, akaenda mbele, akamshusha bingwa kwenye mkeka. Wajapani wakaomba picha irudiwe. Ombi likakataliwa, na ombi linalokataliwa humpa mpinzani pointi. Tatu kwa mbili. Siku hiyohiyo akamshinda Oksana Livach wa Ukraine 7–5, kisha Yusneylis Guzmán wa Kuba 5–0, akawa mwanamieleka wa kwanza mwanamke wa India kufika fainali ya Olimpiki.

Subira hiyo haikutoka Paris. Alizaliwa mwaka 1994 katika kijiji cha Balali, jimbo la Haryana. Baba yake aliuawa yeye akiwa na miaka 9, akakulia mikononi mwa baba yake mkubwa, Mahavir Singh Phogat, ambaye tayari alikuwa akiwafunza binti zake mieleka huku kijiji kikinung'unika. Filamu ya Dangal iliwafanya binamu zake Geeta na Babita wajulikane duniani; Vinesh ndiye aliyekuja kushinda zaidi: dhahabu tatu za Jumuiya ya Madola, dhahabu ya Michezo ya Asia mwaka 2018, na shaba mbili za dunia.

Mwili nao ulimfundisha. Rio 2016 alitolewa mkekani kwa machela, goti limeumia katikati ya robo fainali. Agosti 2023 alifanyiwa upasuaji wa goti la pili. Miezi michache kabla alikuwa amelala barabarani Jantar Mantar, Delhi, pamoja na Sakshi Malik na Bajrang Punia, wakimtuhumu mkuu wa shirikisho lao kwa unyanyasaji wa kijinsia, tuhuma alizozikana. Mtu aliyepitia hayo hana magoti ya kuchezea kamari. Nadhani ndiyo maana mikono yake ikawa na akili kiasi kile.

Halafu ile mizani. Nafasi ya India katika kilo 53, uzito aliouzoea, ilikuwa imepatikana na Antim Panghal, hivyo Vinesh akajibana hadi 50. Mwanamieleka hupimwa asubuhi ya kila siku ya mashindano. Baada ya mapambano matatu, chakula na maji ya kurudisha nguvu, alikuwa amezidi kwa kilo 2.7. Usiku kucha alikimbia, akakaa kwenye joto akitoa jasho, hata nywele zikakatwa. Zikabaki gramu 100. Kanuni haimrudishi mtu nafasi moja nyuma. Humfuta na kumweka mwisho kabisa. Aliomba apewe medali ya fedha kwa pamoja, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikakataa.

Guzmán akacheza fainali badala yake, Sarah Hildebrandt wa Marekani akachukua dhahabu, na Susaki akarudi na shaba. Vinesh alitangaza kustaafu, na Oktoba mwaka huo wapiga kura wa Julana wakamchagua kuingia bunge la Haryana. Orodha ya matokeo inamweka chini ya watu wote aliowashinda. Ukiipata video ya pambano la Susaki, anza kuitazama dakika ya kwanza, si ya mwisho, na uangalie mikono.